Mbavu za Sweta

Msomaji, ikiwa unasoma katika nchi za baridi, kama vile Limuru, Kericho au Nyahururu, bila shaka umevaa sweta ya shule asubuhi hii. Tazama pindo lake la kiunoni. Utaona mistari iliyosimama wima, mmoja umeinuka na wa pili umezama, kama vile mawimbi ya bati la nyumba. Mistari hiyo tutaiita mbavu. Vuta pindo hilo kwa vidole viwili, kisha uliachie. Likivutwa hupanuka, na likiachwa hurudi mahali pake.

Watu wengi hudhani ya kwamba kuna mpira uliofichwa ndani ya uzi. Sivyo. Uzi wenyewe ni sufu ya kondoo, au, kama ilivyo mara nyingi siku hizi, ni uzi wa akriliki uliotengenezwa kiwandani. Wala hakuna kati ya hizo mbili inayovutika kama mpira. Siri ya mbavu imo katika namna vitanzi vya uzi vilivyoshikana. Na namna hiyo ya kushikanisha vitanzi kwa mtambo ina historia ndefu, yenye werevu mwingi na machozi mengi. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo wewe na wenzako mtalikuta mbele yenu siku mtakapoanza kutafuta kazi.

Kwanza na tuelewe kazi yenyewe. Kitambaa cha shati kina nyuzi za namna mbili: mtande, ambao hutandazwa kwa urefu, na mshindio, ambao hupita katikati yake kwa upana. Sweta haina mtande wala mshindio. Uzi ni mmoja tu. Hupindwa ukawa kitanzi, na kila kitanzi huvutwa ndani ya kitanzi kilichokitangulia. Ndiyo maana sweta ikikatika uzi mahali pamoja, na mtu akauvuta, hufumuka mstari baada ya mstari.

Katika ufumaji wa kawaida, vitanzi vyote huvutwa kuelekea upande mmoja. Kitambaa hicho huwa laini usoni, lakini kina kasoro: kingo zake hujikunja zenyewe. Katika ufumaji wa mbavu, nguzo moja ya vitanzi huvutwa kuja mbele, na nguzo inayofuata huvutwa kwenda nyuma. Nguzo za mbele hujitokeza, na za nyuma hujificha kati yake, hata kitambaa kizima kikawa kimejikusanya. Ukikivuta, nguzo zilizojificha hutokea. Ukikiachia, hurudi mafichoni. Kwa kuwa pande zote mbili zina nguvu sawa, kingo zake hazijikunji. Kwa ajili hiyo mbavu huwekwa penye kiuno, shingo na kifundo cha mkono, mahali ambapo nguo lazima ipanuke mtu anapoivaa na kumbana akishaivaa.

Kwa mikono na sindano mbili mtu aliweza kufuma mbavu tangu kale. Tatizo lilikuwa ni kuufundisha mtambo kufanya hivyo.

Mtambo wa kwanza wa kufuma ulibuniwa Uingereza mwaka 1589. Aliyeubuni ni William Lee wa Calverton, kijiji kilicho karibu na mji wa Nottingham. Wakati huo maelfu ya watu maskini, wanawake, wanaume na watoto, walijipatia riziki kwa kufuma soksi ndefu kwa mikono. Mfumaji wa mikono huvuta kitanzi kimoja kimoja. Lee aliwaza jambo jipya: badala ya kuweka vitanzi vyote juu ya sindano moja ndefu, aliipa kila nguzo ya vitanzi sindano yake mwenyewe. Sindano hizo zilipangwa bega kwa bega, na kila moja ilikuwa na ncha iliyokunjwa kama ndoana. Uzi ulilazwa juu ya safu nzima, ukasukumwa chini kati ya sindano na sindano, na mstari mzima wa vitanzi ukafanyika kwa pamoja.

Imesimuliwa tangu zamani kwamba Lee alipeleka ombi lake kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, akitaka apewe haki ya kuumiliki uvumbuzi wake peke yake, na kwamba Malkia alikataa, akihofu kwamba mtambo ule ungewapokonya mkate wafumaji maskini. Ikiwa Malkia alitamka maneno hayo au hakuyatamka, jambo moja ni hakika: Lee hakupata alichokitafuta nchini kwake. Alivuka bahari pamoja na mitambo yake akaenda Ufaransa, katika mji wa Rouen. Mwaka 1610 Mfalme Henri wa Nne, ambaye ulinzi wake ulitumainiwa, aliuawa. Miaka michache baadaye Lee naye alikufa ugenini, bila kuvuna matunda ya kazi yake. Ndugu yake, James, aliirudisha Uingereza mitambo iliyosalia, na kazi ikaendelea. Mwaka 1657 wafumaji wa mitambo wa London walikuwa wengi kiasi cha kupewa hati ya chama chao na serikali ya Oliver Cromwell.

Tafakari, msomaji, juu ya hofu ile inayosimuliwa kuwa ya Malkia. Kuna watu wanaoicheka, wakisema ya kwamba aliogopa maendeleo. Mimi siicheki. Kuuliza wafumaji watakula nini kulikuwa ni kuuliza swali la haki. Lakini jibu la kuufukuza mtambo halikuwa jibu, kwa maana mtambo uliofukuzwa mlangoni uliingia dirishani, na swali likabaki pale pale bila kujibiwa.

Kwa zaidi ya miaka 150 mtambo wa Lee ulifuma kitambaa cha kawaida tu. Haukuweza kufanya mbavu, kwa sababu sindano zake zote zilivuta vitanzi upande mmoja. Aliyeufungua mlango huo ni Jedediah Strutt, mwana wa mkulima wa Derbyshire, aliyezaliwa mwaka 1726 na kufundishwa kazi ya kuunda magurudumu. Shemeji yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa soksi, alimshirikisha katika tatizo la mbavu. Strutt hakuuvunja mtambo wa zamani ili kuunda mpya. Alitengeneza kifaa cha kuongeza mbele yake, chenye safu ya pili ya sindano zilizosimama wima na kupita katikati ya sindano za zamani. Sindano hizo zilivishika baadhi ya vitanzi na kuvigeuza upande wa pili. Basi nguzo moja ikaja mbele na nyingine ikaenda nyuma. Alipewa hati za kuulinda uvumbuzi huo mwaka 1758 na 1759, na soksi zake zikajulikana kwa jina la mbavu za Derby.

Strutt alitajirika. Baadaye alishirikiana na Richard Arkwright, ambaye kiwanda chake cha kusokota pamba kwa nguvu za maji kilianzishwa Cromford mwaka 1771, naye mwenyewe akajenga viwanda katika mji wa Belper. Hatuna sababu ya kumhusudu, kwa kuwa aliongeza kitu chema juu ya kazi ya mwingine. Lakini kuna pia watu waliokaa mbele ya mitambo hiyo, na hao hatuna budi kuwatazama.

Katika vijiji vya Nottinghamshire, Derbyshire na Leicestershire, mtambo wa kufuma haukuwa kiwandani bali nyumbani. Ulisimama karibu na dirisha kubwa, ili mfumaji apate mwanga. Baba aliendesha mtambo kwa mikono na miguu, watoto walizungusha uzi, na mama alishona kingo za soksi. Mtu anayepita njiani angeweza kudhani kuwa familia hiyo ni huru, inafanya kazi yake chini ya dari yake. Lakini mara nyingi mtambo haukuwa mali yao. Ulikuwa mali ya tajiri, na mfumaji aliukodi kwa juma. Kodi ilikatwa hata katika juma ambalo kazi ilikuwa haba. Tena kati ya tajiri na mfumaji alikaa dalali, aliyeleta uzi na kuchukua nguo zilizokwisha, na kila senti iliyopita mkononi mwake ilipungua. Wengine walilipwa kwa bidhaa za dukani badala ya fedha, na bei ya bidhaa hizo ilipangwa na yule yule aliyewalipa. Umaskini wao ulienea mno hata Waingereza wakawa na msemo wa kumfananisha mtu fukara na mfumaji wa soksi.

Mwezi wa Machi mwaka 1811, katika mji wa Arnold karibu na Nottingham, wafumaji waliingia penye mitambo usiku wakaivunja. Mwendo huo ulienea, na waliofanya hivyo wakaitwa Waludi, kwa jina la kiongozi wa kubuni, Ned Ludd. Mpaka leo mtu anayechukia mashine huitwa kwa jina hilo. Lakini jina hilo linawadhulumu. Wafumaji wa Nottingham hawakuichukia mitambo kwa kuwa ni mitambo. Wao wenyewe waliiendesha tangu utoto. Walilalamika juu ya ujira uliopunguzwa, juu ya kodi, juu ya kuajiriwa kwa watu wasiojifunza kazi, na juu ya soksi duni zilizokatwa kutoka kitambaa kipana na kushonwa, ambazo ziliharibu bei ya soksi zilizofumwa barabara. Walichagua mitambo ya kuvunja. Ile ya matajiri waliolipa bei ya haki mara nyingi iliachwa.

Serikali iliwajibu kwa askari na kwa sheria. Mwaka 1812 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu kumnyonga mtu kwa kosa la kuvunja mtambo wa kufuma. Mshairi Lord Byron, ambaye nyumba ya ukoo wake ilikuwa Nottinghamshire, alisimama tarehe 27 Februari mwaka huo katika Baraza la Malordi, hotuba yake ya kwanza mle, akaipinga sheria hiyo na kuwatetea watu wenye njaa. Sheria ilipita juu ya hayo.

Je, kuvunja mitambo kuliwaletea wafumaji nafuu? Kwa muda, mahali pachache, ujira ulipanda kidogo. Kisha ukashuka tena. Mwaka 1844, walipohesabu mitambo ya mikono katika Uingereza nzima, walikuta zaidi ya 48,000, na uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwaka 1845 ulionyesha jinsi watu wake walivyodhoofika. Nafuu ya kudumu ilikuja polepole na kwa njia nyingine. Mwaka 1860 mjini Nottingham, tajiri mmoja wa soksi aitwaye Mundella alisaidia kuunda baraza ambamo wenye mali na wafanyakazi walikaa meza moja kupatana bei ya kazi. Na mwaka 1874 sheria ya Bunge ilikataza kukata kodi ya mtambo katika ujira. Tangu siku Lee alipoubuni mtambo wake mpaka siku hiyo ilikwisha pita miaka 285.

Wakati huo mtambo wenyewe ulikuwa unabadilika. Mwaka 1849 Matthew Townsend wa Leicester alipata hati kwa ajili ya sindano yenye ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga wenyewe kila kitanzi kinapopita. Mwaka 1863 Mmarekani Isaac Lamb alipata hati ya mtambo wenye safu mbili za sindano za namna hiyo, zilizoegemeana juu kama mapaa mawili ya nyumba. Safu ya pili, ambayo Strutt aliiongeza kama kifaa cha pembeni, sasa ilikuwa sehemu ya mtambo tangu mwanzo. Na mtambo huo ulikuwa mdogo na mwepesi, hata mtu mmoja aweza kuuweka juu ya meza.

Ndugu za mtambo huo utawakuta hapa Kenya. Katika miji yetu mingi, nyuma ya maduka na katika vyumba vya sokoni, wako akina mama na vijana wanaofuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Na tuwatazame wakitengeneza sweta ya sufu isiyo na mikono, yenye mbavu mwili mzima.

Kazi huanza kwa hesabu. Mfumaji hufuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, akakiacha kipumzike, kisha akakipima. Tuseme sindano 60 zimetoa upana wa sentimita 20. Basi kila sentimita ni sindano 3. Ikiwa upande wa mbele wa sweta unatakiwa uwe na upana wa sentimita 46, atahitaji sindano 138, yaani 69 katika safu ya mbele na 69 katika safu ya nyuma. Anayeruka hatua hii kwa haraka zake atafuma kwa siku nzima nguo isiyomwenea mtu. Haraka haraka haina baraka.

Halafu huziinua sindano hizo, kila ya mbele ikielekea nafasi iliyo kati ya mbili za nyuma. Hukipitisha kigari chenye uzi mara moja, na uzi hulala kwa kupinda, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Chini yake huning'iniza kitana cha chuma na mizigo, ili vitanzi vivutwe chini kwa nguvu sawa. Hufuma mistari michache kila safu peke yake, ili pindo liwe imara. Kisha huziunganisha safu zote mbili, na mbavu huanza kushuka. Kigari huenda na kurudi, na mfumaji huihesabu mistari. Afikapo kwapani huvifunga vitanzi kadhaa kila upande, kisha huendelea kupunguza kimoja kimoja ili tundu la mkono lipate umbo. Afikapo shingoni huvifunga vitanzi vya katikati, na kila bega hulifuma peke yake. Upande wa nyuma huwa vivyo hivyo, ila shingo yake haina kina. Mwisho huunganisha mabega, hufuma ukanda wa shingo na wa matundu ya mikono, hushona mbavu za mwili, na huzikata nyuzi zilizobaki. Fundi mzuri hazikandamizi mbavu kwa pasi ya moto, kwa kuwa ubavu uliolazwa kwa pasi hupoteza ule uwezo wake wa kurudi.

Sasa turejee kwenye swali letu. Mama yule aliyenunua mashine yake kwa akiba yake au kwa mchango wa chama hakatwi kodi ya mtambo. Hilo ni jambo ambalo wafumaji wa Nottingham walilitamani kwa vizazi vingi. Lakini kuwa na mashine peke yake hakutoshi. Shule ikiwaamuru wazazi wote wanunue sare katika duka moja tu, mama huyo ataweza kuuza wapi? Atamwuzia mwenye duka, kwa bei aliyoitaka mwenye duka. Na mzazi naye atanunua kwa bei hiyo hiyo iliyopandishwa. Hapo dalali wa kale amerudi, ijapokuwa amevaa suti mpya. Shule ikitaja rangi na umbo tu, ikamwachia kila mzazi anunue atakako, fundi wa mtaani atapata kazi, na mzazi atapata nafuu.

Msomaji, katika maisha yako mashine nyingi mpya zitakuja, na nyingine zitafanya kwa dakika moja kazi uliyojifunza kwa miaka miwili. Watu watakuambia uzipende bila kuuliza, na wengine watakuambia uziogope. Usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla hujauliza: mashine hii ni mali ya nani, nani anapanga bei ya kazi yake, na yule aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mikono ana kiti katika meza ya kupatana? Wafumaji wa soksi walicheleweshewa majibu kwa karibu miaka 300. Ninyi msikubali kungoja muda huo. Mkianza kuuliza mapema, mkiwa bado na sauti na wenzenu kando yenu, mtakuwa mmejifunza kutoka kwao jambo ambalo wao walilinunua kwa gharama kubwa mno.